Wajibu wa Mtu wa Juu ya Mto

Watu wengi hudhani kuwa pwani huanza mahali mchanga unapokutana na maji ya chumvi. Kwa macho ya mwili dhana hiyo ni kweli. Kwa macho ya akili ni pungufu. Pwani huanza mbali sana na bahari. Huanza katika kila kilima kinachomwaga maji, katika kila bonde linaloyapokea, na katika kila mfereji upitao nyuma ya nyumba ya mtu ambaye pengine hajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa kwake. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa pwani hauwahusu wavuvi na mabaharia peke yao. Ni jambo la jirani na jirani yake, hata kama majirani hao wametengwa na mwendo wa mamia ya kilometa.

Nakuomba, msomaji, ukitazame kijiji cha Lindi. Sisemi mji wa Lindi ulioko katika pwani ya kusini ya Tanzania, ambao mawimbi huubishia hodi usiku na mchana. Nasema Lindi ya Kibera, katika jiji la Nairobi, mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake zimebanana, njia zake ni nyembamba, na kandokando ya njia hizo hupita mifereji iliyo wazi. Mvua inyeshapo, mifereji hiyo huteremka mpaka mto Motoine, utokao upande wa Dagoretti na kuingia katika Bwawa la Nairobi. Utokapo bwawani mto huitwa Ngong. Hupita kando ya viwanda na vibanda vya Mukuru, hujiunga na mto Nairobi upande wa mashariki wa jiji, na mto Nairobi nao hujiunga na Athi. Athi huikata nchi ya Ukambani, hufika Tsavo, hupata jina la Galana, kisha jina la Sabaki, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi, karibu na Mambrui.

Mto hubadili jina kila upatapo wenyeji wapya, lakini haubadili mzigo wake. Majira ya mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa ya udongo. Sehemu kubwa ya udongo huo hutoka katika mashamba na malisho yaliyoachwa wazi bila miti wala majani ya kuushika. Pamoja na udongo huja takataka za miji. Karibu na hapo ipo hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, yenye matumbawe ambayo huhitaji mwanga wa jua ili yaishi. Maji yakiwa tope, mwanga hauingii. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao. Samaki wakikosa makao, nyavu hurudi tupu. Basi hapa ndipo linapozaliwa swali letu: Je, mtu wa Lindi ya Kibera ana wajibu gani kwa mvuvi wa Mambrui, ambaye hatamwona, hatamjua jina, wala hatasikia shukrani yake?

Kila mara swali hili liulizwapo, hutolewa majibu matatu ya kujitetea. La kwanza husema, "Sijui." La pili husema, "Changu ni kidogo." La tatu husema, "Mimi ni maskini. Waulizwe wenye nguvu." Majibu haya si ya kudharauliwa, maana kila moja lina chembe ya kweli. Tuyapime moja moja.

Asiyejua huachiliwa, lakini huachiliwa kwa sharti kwamba hakuwa na njia ya kujua. Mtoto akivunja chungu gizani hatukanwi. Akikivunja mchana kweupe huulizwa macho yake yalikuwa wapi. Zamani sehemu kubwa ya mambo ya mto ilikuwa gizani. Mtu wa juu hakuwa na namna ya kuona yaliyompata mtu wa chini, na hata mahali pa mtu mwenyewe palikuwa hapajulikani. Kibera ni mfano mkubwa. Jina lake latoka katika lugha ya Wanubi, waliokuwa wakazi wake wa mwanzo wa karne iliyopita, na maana yake ni msitu. Ajabu ni kwamba msitu ulipokwisha na nyumba zikajaa, ramani rasmi ziliendelea kupaonyesha kama kwamba hapana watu. Mamia ya elfu ya hatua zilikanyaga huko kila siku, na karatasi haikusikia hata moja.

Mwaka 2009 vijana 13 waliochaguliwa kutoka vijiji vya Kibera walishika vyombo vidogo vya kupokea ishara za setelaiti, wakatembea njia kwa njia, wakaandika mahali penye shule, zahanati, msikiti, kanisa, choo na bomba la maji. Waliyoyaandika waliyatia katika ramani ya dunia iliyo huru, iitwayo OpenStreetMap, ambayo ilikuwa imeanzishwa Uingereza mwaka 2004, na ambayo mtu yeyote aweza kuisoma au kuiongeza. Kazi yao ikaitwa Map Kibera. Hawakuwa wahandisi wala wapima ardhi. Walikuwa wenyeji, na wenyeji wao ulikuwa elimu ambayo mpimaji kutoka mbali asingeipata kwa siku nyingi.

Kazi kama hiyo ilifanyika katika nchi jirani pia. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zisumbuliwazo na mafuriko, walichora mifereji na nyumba za jiji lao katika mradi ulioitwa Ramani Huria, wakawauliza wenyeji maji hufika wapi mvua zikizidi. Mito ya jiji hilo, kama Msimbazi, ina safari fupi tu kufika baharini. Huko uchafu wa asubuhi waweza kuwa wa bahari jioni. Unguja na Pemba, kuanzia mwaka 2016, droni ziliruka juu ya visiwa na kuvipiga picha, na wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakashiriki katika kuvichora upya. Leo kijana mwenye simu aweza kuona mto wake kutoka chemchemi hadi mlango wa bahari, na aweza kuwaonyesha wengine alichokiona. Kwa hiyo neno "sijui" linazidi kupungua thamani. Taa ikiwashwa nyumbani, anayefumba macho hawezi kulilaumu giza.

Tuje katika jibu la pili, "Changu ni kidogo." Mtu hutupa kitu kimoja mferejini, akaangalia ukubwa wa bahari, akacheka. Lakini bahari haipokei kitu kimoja, hupokea desturi. Mwaka 2018, huko Lamu, kiliteremshwa majini chombo cha tanga chenye urefu wa meta 9, kilichoundwa kwa plastiki iliyotupwa, na ubavu wake ukafunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa. Kiliitwa Flipflopi, na mwaka 2019 kilisafiri kwa tanga mpaka Unguja, kikitoa mafundisho katika kila bandari. Fikiri, msomaji: kila kandambili katika chombo kile, siku ilipotupwa, ilikuwa moja tu. Hapana mtu hata mmoja aliyetupa kandambili 30,000. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haikusema kwamba kibaba hujazwa nafaka peke yake.

Sheria yenyewe imelitambua jambo hili. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ikaweka adhabu ya faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo cha hadi miaka minne. Wako waliosema adhabu ilikuwa kubwa kuliko mfuko. Walipima mfuko mmoja. Sheria ilipima mifuko yote. Na hapa ndipo vyombo vya kisasa vina faida ambayo babu zetu hawakuwa nayo: vyaweza kukusanya vilivyo vidogo na kuvionyesha vikiwa pamoja. Mtu mmoja akihesabu chupa katika mfereji mmoja, amefanya jambo dogo. Watu mia wakihesabu katika mifereji mia na kuweka hesabu zao mahali pamoja, jiji zima limepata kioo cha kujitazama uso.

Jibu la tatu ndilo zito, na mwenye haki hawezi kulipita haraka. Mama wa Lindi hana shimo la taka, wala gari la taka halifiki mlangoni pake, maana njia haipitiki. Hakuuchagua mfereji, aliukuta. Je, ni haki kumwendea mtu huyu na kumhubiria habari za matumbawe? Je, si dhihaka kumwambia ailinde bahari mtu ambaye jiji halijamlinda yeye?

Mimi nasema kwamba wajibu hupimwa kwa uwezo. Mwenye kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni usiku ana deni kubwa kuliko mwenye beseni la kufulia. Serikali ya jiji, iliyopewa kodi ili ichimbe mifereji ya maji taka, ina deni kubwa kuliko mpangaji wa chumba kimoja. Yeyote asemaye kuwa uchafu wa mto ni kosa la maskini, kwa sababu tu maskini huonekana karibu na mto, amechanganya mahali pa jeraha na mkono uliolitia.

Walakini umaskini hupunguza uzito wa wajibu, hauufuti. Tazama mahali ilipo Lindi. Maji yafikayo hapo yametoka juu, na yaondokayo hapo yanakwenda Mukuru. Mtu wa Lindi ni wa chini kwa Dagoretti, na ni wa juu kwa Mukuru. Mtu wa Mukuru ni wa chini kwa Lindi, na ni wa juu kwa Ukambani. Katika mkondo wa maji hapana mtu aliye wa juu tu, isipokuwa mawingu. Wala hapana aliye wa chini tu, isipokuwa bahari. Kwa hiyo haki unayoidai kwa aliye juu yako ndiyo unayowiwa na aliye chini yako. Akiitupa hii, amejinyang'anya mwenyewe ile. Mchuma janga hula na wa kwao, na kwa hesabu ya mto, wa kwao ni wote waishio mpaka Sabaki.

Zaidi ya hayo, iko kazi moja ambayo maskini aweza kuifanya kuliko tajiri, nayo ni ushahidi. Aliye karibu na mto huona saa ambayo maji hugeuka rangi. Aliye mbali huona taarifa baada ya mwaka. Zamani ushahidi wake ulikuwa maneno, na maneno ya mnyonge huchukuliwa na upepo. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya kadhaa walitengeneza programu iliyokusanya habari za wananchi kwa simu na intaneti na kuziweka katika ramani. Nao wakaipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Programu hiyo ilitumika baadaye katika nchi nyingi za dunia. Fundisho lake ni hili: maneno ya mtu mmoja huitwa malalamiko, maneno ya wengi, yenye tarehe, saa, mahali na picha, huitwa habari, na habari haipuuzwi kwa wepesi.

Pima barua mbili. Ya kwanza yasema, "Mto wetu ni mchafu, tafadhali tusaidieni." Ya pili yasema, "Kwa muda wa wiki sita, kila Jumanne na kila Ijumaa, baada ya saa mbili usiku, maji meusi yalitoka katika bomba lililo mahali hapa. Hizi hapa picha na hii hapa ramani." Afisa aliyepokea ya kwanza aweza kuhuzunika na kuiweka kando. Aliyepokea ya pili hana budi kujibu. Na asipojibu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemfungulia raia mlango. Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 yamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya dola katika kuyahifadhi. Ibara ya 70 yamruhusu kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yuko mtu aliyepata hasara. Maana yake ni kwamba mtu wa Lindi aweza kusimama mbele ya hakimu na kuisemea bahari. Sheria imekwisha kuufanya ujirani wa mbali kuwa ujirani wa kweli.

Sasa nakuonya, msomaji, usije ukadhani kwamba chombo ni chema kwa kuwa ni kipya. Kisu hukata mkate na hukata kidole. Mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliipiga Kenya. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya meta 30 kutoka kingo za mito wahame, na nyumba nyingi za watu wanyonge zikabomolewa kando ya mito ya Nairobi, wengine wakiwa hawana mahali pa kwenda. Ramani inayoonyesha nyumba zilizo hatarini ni rafiki wa mwokozi, na pia ni rafiki wa mbomoaji. Mstari haujui nani anausoma. Kwa ajili hiyo nasema kwamba kazi ya kukusanya habari za watu na za mito ina masharti matatu.

Sharti la kwanza ni ukweli. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na waliosema hivyo huenda walitaka kuamsha huruma. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070. Hesabu hiyo nayo yaweza kubishiwa, lakini hesabu hubishiwa kwa hesabu nyingine, haibishiwi kwa uvumi. Anayeongeza chumvi katika habari ya mto, ingawa ana nia njema, siku akigunduliwa huwaharibia hata wale waliosema kweli.

Sharti la pili ni ridhaa. Nyumba ya mtu ni siri yake hata kama ni ya mabati. Kumpiga picha mtoto wa mwenzio akicheza katika maji machafu, ukaipeleka duniani ili uonekane mwenye huruma, ni kumvua nguo mara ya pili. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Lakini kabla ya sheria palikuwa na adabu, na adabu husema: omba, eleza, kisha upige.

Sharti la tatu ni faida irudi kwa wenyewe. Huko Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanavijiji tangu mwaka 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hewa chafu ambayo miti huifyonza na kuifungia hupimwa, kipimo chake huuzwa, na fedha hurudi kijijini kuleta maji na kusaidia shule. Hapo aliyehesabu ndiye aliyekula. Lakini habari zikichotwa kwa maskini kama mchanga, zikajengea majina ya watu wa mbali, na mfereji ukabaki ulivyokuwa, huo ni unyang'anyi uliovaa miwani.

Liko jambo la nne, ambalo ni tahadhari zaidi kuliko sharti. Simu huona, haizoi. Kijana aweza kupiga picha mia za taka, akasifiwa na watu elfu, na taka zikabaki mahali pale pale zikingoja mvua. Jicho limepewa mtu ili liuongoze mkono. Jicho lililokataa kuuongoza mkono ni pambo la uso.

Chukua mfano wa darasa moja katika Lindi, au katika Kawangware, ambako maji ya mvua nayo huelekea katika matawi ya mto Nairobi. Tuseme wanafunzi wachagua mfereji mmoja tu. Kila Ijumaa, kwa muhula mzima, waandika kimo cha maji, rangi yake, na aina ya taka iliyozuia mkondo. Baada ya mvua kubwa huandika nyumba ngapi maji yamefika, kwa ridhaa ya wenye nyumba. Mwisho wa muhula wanalo daftari, wanayo ramani, na wanayo haki ya kusema. Sehemu ya kazi wataifanya wenyewe kwa sepetu na glavu. Sehemu watawadai wenye viwanda na wenye madaraka kwa barua ya namna ile ya pili. Kisha, kama wakipenda, watawaandikia wanafunzi wa Malindi, wawaulize wao wameona nini mtoni wiki ile ile. Siku watakapolinganisha madaftari, mto utakuwa umesomwa ncha mbili, na mvuvi wa Mambrui hatakuwa tena mtu asiye na jina.

Basi wajibu wa mtu wa juu ya mto ni upi? Ni kujua kadiri awezavyo kujua, kutenda kadiri awezavyo kutenda, na kusema kweli juu ya yale yanayopita nguvu zake. Haombwi aisafishe bahari peke yake. Anaombwa asiwe sababu ya uchafu wake, wala shahidi aliyenyamaza. Wema tunaowatendea watu tuwaonao huchanganyika mara nyingi na tamaa ya kusifiwa. Wema unaopelekwa kwa maji mpaka kwa mtu usiyemjua hauna shahidi ila dhamiri, na kwa hiyo ndio upimao uzito wa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Yalinde yangali mlangoni pako.